Fundi, Mtandao Umekata

Fundi wa kompyuta hapa Mbeya hana Jumapili. Simu inaita, ni bosi mmoja mwenye ghala la mchele kule Mwanjelwa: "Fundi, mtandao umekata." Namuuliza umekatia wapi. "Umekata wote." Halafu anamalizia na ile kauli ninayoichukia kuliko baridi ya Julai: "Na jana ulikuwa unafanya kazi vizuri tu." Jana hata marehemu alikula ugali, bosi.

Nikapanda bajaji, koti juu ya koti. Seva, kompyuta inayowagawia wenzake wa ofisini mtandao, imewekwa stoo nyuma ya magunia, na mlinzi kasogeza kiti chake hadi kwenye feni ya nyuma, anaota joto.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Usiizime hiyo, usiku tunaumia."

Seva yenyewe inaendeshwa na mfumo wa Linux, ina kadi mbili za mtandao. Moja inatazama nje, kwenye rauta ya intaneti. Nyingine inatazama ndani, kwenye swichi ya ofisi. Katikati kuna fayawoli ya kuamua nani apite na nani abaki. Ni kazi ya kawaida kabisa, isipokuwa ilifanywa na mpwa wa bosi, kijana aliyemaliza chuo juzi na ambaye kila mtu kwake ni "bro", hata mlinzi.

Huyu bro kaandika geitiwei, yaani anwani ya mlango wa kutokea, kwenye kadi zote mbili. Nikamuuliza kwa nini. "Ili ikikosa huku ipate kule, bro." Ah! Seva ina njia kuu moja ya kwendea duniani. Ukiipa mbili bila mpango, itafuata ile iliyopewa kipaumbele, hata kama inaishia ukutani. Umeme ulikatika usiku, uliporudi kadi ya ndani ikawahi kuamka, ikashika uongozi. Nikapiga amri ya ip route, ile inayoonyesha njia za seva, nikaona mizigo yote inatumwa kwa anwani 192.168.1.1. Nikafuatilia ni nani huyo. Printa! Maombi yote ya intaneti ya ofisi nzima yanapelekwa kwa printa, na printa ya watu imekaa kimya, haijui Dar es Salaam wala Marekani.

"Mbona WhatsApp yangu inaingia?" bosi ananionyesha simu. Anatumia bando lake. Nilinyamaza.

Nikafuta njia ya uongo, nikapiga pingi, yaani hodi ya kujaribu, kwa 8.8.8.8, anwani ya Google huko nje, majibu yakarudi. Ndiyo kwanza nataka kumtazama bosi kwa maringo, mama wa hesabu akapaza sauti toka ofisini: "Huku bado!"

Ni kweli, bado. Seva kutoka yenyewe ni habari nyingine, na kuwapitisha wenzake ni habari nyingine. Linux kwa kawaida haihamishi pakiti, vile vifurushi vya data, toka kadi hii kwenda ile mpaka iruhusiwe, na ruhusa yenyewe, ip_forward, ilisoma 0. Bro aliiweka 1 siku ya kwanza ila hakuiandika kwenye faili la mipangilio. Kanuni zake za iptables, yaani za ile fayawoli, nazo hakuzihifadhi. Umeme ulipoondoka, ziliondoka nao. Yaani fayawoli aliyojisifia nayo hadi kwenye vikao vya ukoo haikuwepo.

Nikaweka 1.

"Huku bado!" Huyu mama ana mapafu.

Nikafungua tcpdump, programu ya kuchungulia pakiti zinazopita, nikasikiliza kadi moja moja. Pakiti za mama zinaingia kadi ya ndani, zinatoka kadi ya nje, zinaenda zake, jibu halirudi. Zimetoka na anwani ya ndani, na rauta ya nje haimjui mama wa hesabu, inaijua seva tu. Lazima seva izivalishe anwani yake kabla hazijavuka, na hiyo ni kanuni ya mstari mmoja, masquerade. Nikaiandika. Safari hii sikusikia "huku bado". Nilisikia video ya harusi.

Nikarudisha kanuni za fayawoli, nikahifadhi kila kitu, kisha nikaiwasha upya mbele yao wote, mlinzi akinung'unika kwamba inapoa. Ikaamka na akili zake zote. Bro akasema, "Hata mimi nilikuwa nafika hapohapo."

Sasa njoo kwenye malipo. Bosi anaikagua seva juu na chini. "Umebadilisha kifaa gani?" Hakuna kifaa, bosi. "Kwa hiyo umeandika tu. Mistari miwili mitatu." Ndiyo. "Mstari mmoja bei gani?" Nikamtajia bei ya kazi nzima, akacheka mpaka mama wa hesabu akapunguza sauti ya harusi. Tukavutana pale, mwisho akasema pesa taslimu hana, nichukue debe la mchele. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nikatae, akaninusisha kiganja. Wa Kyela! Nikamwita bro anishikie mfuko.