"Mwenye asili ya" huku, "mfuruki" kwetu

Habari yenyewe ilihusu taka: diwani ameahidi kwamba mapipa yatazolewa kila wiki. Aya ya pili, gazeti la mtaa hapa Uingereza likambandika "mwenye asili ya Uganda". Futa maneno hayo manne, soma tena. Taka iko palepale, ahadi iko palepale. Basi maneno hayo yalikuwa yanafanya kazi gani?

Magazeti mengi huku yanafuata kanuni ya wahariri, na kifungu cha 12 kinakataza kutaja rangi ya mtu pasipohusika na habari. Ukikwazwa, unamwandikia mhariri kwanza; anapewa siku 28. Mkishindwana, IPSO, chombo kinachosimamia kanuni hiyo, inaamua, mradi umelalamika ndani ya miezi 4 tangu habari ichapishwe. Taja kifungu, ambatisha ukurasa. Wengi hukwama hapa: kifungu hicho humlinda mtu, si kundi. Ukilalamika kwa niaba ya Waafrika wote, umeshindwa kabla hujaanza. Na gazeti la Guardian halimo IPSO kabisa, usipoteze barua.

Haya, nawasikia nyie wa nyumbani Uganda: "Ameshakuwa mzungu huyo." Ngojeni kidogo. Mwaka 1972, Rais Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 waondoke Uganda, baraza la jiji la Leicester, huku Uingereza, lililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwaambia wasiende Leicester. (Wakaenda tu.) Kwa hiyo mimi simsifii mtu utu wake hapa. Nasifia fomu ya malalamiko.

Kwetu je? Wilaya ya Kibaale, kwa Wanyoro, 2002, Mukiga, mtu wa kabila lililohamia huko, akashinda kiti cha mwenyekiti wa LC5, yaani baraza la wilaya. Kura zilihesabiwa, lakini gumzo likawa mfuruki, mfuruki, hadi akaachia kiti. Mfuruki ni mhamiaji tu. Likitangulizwa mbele ya jina la mtu, linageuka hukumu.

Sheria tunayo, tena kali kuliko yao: kuchochea chuki za kikabila na kidini ni kosa la jinai tangu 1988, kifungo hadi miaka 5. Ukali wenyewe ndio unaoiua. Nani atataka mwandishi afungwe miaka 5 kwa neno moja la kichwa cha habari? Neno dogo linataka adhabu ndogo: sahihisho, ukurasa uleule, kesho yake. Kwa kuogopa jela, mhariri mjanja haandiki kabila. Anaandika "hawa wa magharibi", na teksi nzima imeshaelewa.

Mtaniambia kabila si rangi. Mwambieni hivyo mshindi wa Kibaale.