Pete Iliyolika Upande Mmoja

Gereji nzima wananiita Fundi Msasa. Mgeni akidhani ni sifa ya kupiga rangi, mimi nanyamaza.

Ilikuwa 2019. Mwalimu mmoja mstaafu, mama ambaye anaweza kukusahihisha Kiswahili huku umelala chini ya gari, aliniletea gari lake la otomatiki. Rivasi inashika ikipenda. Nikashusha giaboksi, nikafungua ngoma ya rivasi: sahani za klachi nyeusi tii, zinanuka kama maharage yaliyosahauliwa jikoni. Sahani hizo hushikiliwa na pete ya chuma iliyokatwa sehemu moja. Unaibana, inaingia kwenye mfereji wa ngoma. Ukiiachia, inatanuka na kukaa. Mafuta yakisukuma pistoni, sahani zinabanana, na nguvu yote inaishia kwenye hiyo pete.

Nikaenda Gerezani, ule mtaa wa spea Dar es Salaam, kununua spea. Mzee wa duka, miwani yake imefungwa uzi, akanipa pete akisema, "Hii ndiyo ya sasa, waliibadilisha." Wamebadilisha nini? Sikuuliza. Fundi mwenye miaka 9 kazini aulize pete?

Kufika gereji naiangalia: upande mmoja bapa, upande wa pili umekwenda mshazari. Damu ikanichemka. Nimeuziwa mtumba! Ningerudi, lakini Mwalimu alikuwa kwenye benchi anatazama saa. Nikashika tupa, kisha msasa, nikasugua mpaka mshazari wote ukaisha. Pete ikawa nyembamba kidogo, lakini inang'aa utadhani ya ndoa. Nikafunga. Tukajaribu rivasi mara mbili, safi kabisa. Mwalimu akalipa, akasema nimsindikize Kariakoo akachukue gauni lake kwa fundi cherehani.

Akaingiza gari kwenye kichochoro. Mbele, mkokoteni wa viazi. Nyuma, bajaji tatu zinapiga honi. Mwalimu akaweka rivasi. Ndani ya giaboksi kukasikika mlio: "Kaa!" Injini inanguruma, gari limetulia kama mgeni anayesubiri chakula.

"Weka frii, mama, tusukume!" vijana wakapiga kelele. Mimi nikashuka polepole, nikajichanganya na wapita njia.

"Fundi wake nani?" akauliza muuza viazi.

"Yule pale," Mwalimu akanionyesha kwa kidole, "anayejifanya ananunua viazi."

Tukalisukuma kinyumenyume mpaka barabarani. Kila mlango tuliopita watu walitoka kutazama, na mtoto mmoja akatusindikiza akihesabu hatua kwa sauti. Malipo yangu ya siku ile yakaishia kwa wasukumaji, na Mwalimu bado alinidai gari zima.

Kesho yake nikarudi Gerezani na vipande vya pete mfukoni. Mzee akavipanga kwenye kaunta, akavua miwani, akavaa tena.

"Nani kaondoa mshazari?"

"Ulikuwa umelika, mzee."

"Haukulika. Ndio unaoikaza ndani ya mfereji isicheze. Hilo ndilo walilobadilisha."

Nikaangalia viatu vyangu. Mzee akafungua droo taratibu.

"Sasa, mwanangu, nikupe iliyolika, au nikutafutie nzima?"