Alama za uhakika: darasani sawa, kwenye mtihani ngoja kwanza

Kwenye maswali ya kuchagua, aliyejua jibu na aliyelipata kwa "ana ana ana do" huondoka na alama ileile. Tony Gardner-Medwin wa chuo cha University College London (UCL) aliliona tatizo hilo kwa wanafunzi wa udaktari, akaweka utaratibu mwingine: kila jibu liambatane na kiwango cha uhakika, 1, 2 au 3. Ukipata, unachukua alama hizohizo. Ukikosa, 1 haikugharimu kitu, 2 inakukata alama 2, na 3 inakukata 6. Ukipiga hesabu, 3 inalipa kuliko 1 na 2 pale tu unapokuwa na uhakika wa zaidi ya asilimia 80.

Utaratibu huu una sababu nzuri. Kujua kwamba unajua ni kazi ngumu, na hisia zetu ni shahidi mbovu. Mwaka 2006, watafiti Roediger na Karpicke waliwapa wanafunzi wa Marekani habari fupi ya kusoma. Waliorudia kuisoma vipindi vinne walijiona wataikumbuka kuliko waliosoma kipindi kimoja kisha wakajipima vitatu. Baada ya wiki, waliojipima walikumbuka takriban asilimia 61. Wale wengine, 40.

Kisha kuna jambo ambalo mimi lilinishangaza. Watafiti Butterfield na Metcalfe walionyesha mwaka 2001 kwamba kosa lililotolewa kwa uhakika mkubwa ndilo linalosahihishika kwa urahisi zaidi, mradi mtu aambiwe jibu sahihi. Aliyeapa kuwa mji mkuu wa Nigeria ni Lagos akiambiwa ni Abuja tangu 1991, anashtuka, na mshtuko huo humfanya asikilize. Aliyebahatisha hana cha kumshtua. Lakini utafiti wa 2011 ukaongeza tahadhari: baada ya wiki, anayelisahau jibu sahihi huelekea zaidi kuirudia Lagos yake kuliko aliyebahatisha. Kusahihisha mara moja, basi, hakutoshi.

Sasa upande wa pili. Chukua wanafunzi wawili, maswali 20, kila mmoja kapata 18. Mwoga kaandika 1 kote: ana alama 18. Jasiri kaandika 3 kote: 54 toa 12, ana 42. Ujuzi wao ni mmoja, pengo ni alama 24. Hapo tumepima elimu au tabia? Na kwa madarasa yetu, ambamo mtoto aliyekosea mbele ya wenzake huchekwa mpaka mapumziko, najua ni nani atakayeandika 1.

Watetezi watajibu kuwa mwoga huyo hajui thamani ya anachokijua, na hilo nalo ni pengo la elimu. Hoja hii ina uzito. Muuguzi asiye na uhakika na kipimo cha dawa anapaswa kulijua hilo kabla ya kushika sindano. Ila kujipima hujengwa kwa mazoezi mengi yenye masahihisho ya haraka, na mtihani wa taifa hufanywa mara moja, matokeo yakija miezi baadaye. Kumkata mtoto alama 6 kwa stadi ambayo hakuna aliyemfundisha ni jambo nisiloweza kuliunga mkono.

Zoezi la Jumatatu ni jambo tofauti. Mtoto aandike namba kwa penseli pembeni ya jibu, bila alama yoyote kukatwa, na mwalimu aanze kusahihisha pale penye 3 iliyokosewa.