Mizani ya kaboni, na mkulima naye aisome

Aliyewahi kuuza korosho huku pwani anaijua ile hasira ya mizani. Mnunuzi anakuja na mizani yake, anaitundika mwenyewe, anaisoma mwenyewe, wewe unaambiwa tu kilo ngapi. Ami yangu kule Matuga alikuwa akipima gunia kwanza nyumbani kwa mizani ya kuazima ndo aende sokoni.

Nimemkumbuka sababu saa hii naskia sana habari za miradi ya kaboni ya wakulima wadogo, ile ya mkulima kulipwa kwa kaboni ambayo miti na udongo wa shamba lake umeivuta hewani ukaihifadhi, na swali langu ni lilelile, mizani iko wapi na nani anaisoma?

Miti si shida. Unazungusha futi ya fundi nguo kwenye shina, sentimita 130 kutoka chini, unaandika, hesabu inakupa uzito wa mti, na kama nusu ya uzito mkavu ni kaboni. Mtoto wa shule anaweza. Kazi iko kwa udongo jamani, maana kaboni yake inaongezeka polepole sana miaka na miaka, na shamba moja tu huku na kule hakulingani, sasa ukisema uchimbe sampuli kwa kila mwenye ekari mbili upeleke maabara, pesa yote inaishia kwa kupima. Ndo maana ule mradi wa magharibi mwa Kenya wa shirika la Vi Agroforestry na Benki ya Dunia walitumia modeli, yaani hesabu ya kukadiria bila kuchimba: mkulima anaulizwa ameweka samadi kiasi gani, mabua ameyaacha shambani ama ameyachoma, alafu kompyuta inakadiria. Mwaka 2014 wakapata kredit za kwanza, yaani vile vyeti vya tani za kaboni vinavyouzwa, tani 24,788 za kabonidayoksaidi.

Mi naona walifanya vizuri. Lakini hapo mizani ni majibu ya mkulima mwenyewe, na mtu asiyejua anaulizwa kwa nini atamjibu mgeni lile la kumfurahisha, si ndo adabu zetu? Hesabu inaharibika hapo hapo.

Hapa karibu Gazi kuna mradi wa kijiji wa kuuza kaboni, Mikoko Pamoja, tangu 2013 wanalinda hekta 117 za mikoko, na wanakijiji wanaingia matopeni kupima pamoja na wanasayansi wa KMFRI, ile taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na samaki. Pesa wameiona kwa maji na shule, na tani wanazijua zimetoka wapi. Kwa nini mwenye minazi na miembe asipate hivo?

Sheria ya Kenya ya mabadiliko ya tabianchi, ilivyorekebishwa 2023, inasema miradi ya kaboni kwenye ardhi ya umma na ya jamii itoe angalau asilimia 40 ya mapato kwa jamii. Sawa, nashukuru, lakini asilimia 40 ya nini kama tani huzijui? Mi nataka kila kikundi kiwe na daftari kwa katibu, tani zimeandikwa, bei, makato ya upimaji, kwa Kiswahili ama Kidigo, mtu akiwa na swali ajue pa kuweka kidole.