Aliyeielemea laini ya jirani ndiye alipe

Upepo ukivuma kaskazini mwa Ujerumani na umeme wake ukauzwa kwa kiwanda cha Bavaria, kusini, kwenye mkataba hayo ni mauzo ya ndani ya nchi. Umeme wenyewe haufuati mkataba. Hugawanyika katika kila njia iliyo wazi, na njia yenye ukinzani mdogo hubeba sehemu kubwa. Hivyo sehemu yake huvuka mpaka hadi Poland, ikateremka Jamhuri ya Czech, ndipo ikaingia Bavaria au Austria.

Laini ikikaribia kuzidiwa, mwendeshaji wa gridi, yaani mtandao wa nyaya za umeme, huagiza mtambo wa upande mmoja upunguze uzalishaji na wa upande wa pili uongeze. Wa kwanza hufidiwa, wa pili hulipwa gharama za kuzalisha. Bili hiyo si ndogo: Ujerumani peke yake, udhibiti huo wa msongamano wa laini uligharimu zaidi ya euro bilioni 3 mwaka 2023. Sasa laini iliyozidiwa ikiwa ya jirani, nani alipe?

Wapo wanaosema mwenye laini, kwa kuwa ndiye mwenye uwezo wa kuipanua, na akilipiwa na wengine hatakuwa na haraka ya kufanya hivyo. Hoja hiyo naielewa, lakini siikubali. Poland ilifunga transfoma maalumu za kuelekeza mkondo kule Mikułowa, karibu na mpaka wa Ujerumani, mwaka 2016, na Czech nao wakafunga za kwao Hradec. Hawakuzifunga ili wapate umeme zaidi. Walikuwa wanajikinga na umeme ambao hawakuuza wala kununua.

Chanzo cha umeme huo kuvuka mpaka kiko kwenye maamuzi ya Ujerumani yenyewe. Nchi nzima, pamoja na Luxembourg, ni eneo moja la bei. Mnunuzi wa München, kusini, hupata bei ya jumla ileile ya Hamburg, kaskazini, kana kwamba nyaya za kati hazina kikomo. Laini ya SuedLink ya kupeleka umeme wa kaskazini hadi kusini, karibu kilomita 700 na gigawati 4, ilitarajiwa mwaka 2022. Sasa inasubiriwa hadi mwisho wa 2028. Wakazi wa njiani walipinga minara, mwaka 2015 ikaamuliwa nyaya zifukiwe ardhini, na mipango ikabidi ipangwe upya. Silaumu wakazi wale, kila mtu ana haki ya kutetea mandhari ya kwao. Ninachopinga ni gharama ya kuchelewa huko kumwangukia mlipa bili wa Wrocław, Poland, ambaye hakuulizwa lolote.

Ndiyo maana naunga mkono mwelekeo uliowekwa na ACER, wakala wa wasimamizi wa nishati wa Umoja wa Ulaya, Novemba 2020 kwa nchi za Ulaya ya kati. Umeme wa kupita, yaani ule unaotoka na kurudi eneo moja la bei lakini ukapitia laini za jirani, huvumiliwa hadi asilimia 10 ya uwezo wa laini, kwa sababu gridi zilizoungana haziwezi kuukwepa kabisa. Unaozidi hapo ndio hutangulia kubebeshwa gharama, na mlipaji ni eneo ulikotoka. Ningekwenda mbali zaidi na kuigusa bei yenyewe. Austria ilitenganishwa na eneo la bei la Ujerumani Oktoba 2018. Aprili 2025 tathmini ya waendeshaji gridi wa Ulaya ilionyesha kwamba kuigawa Ujerumani katika maeneo matano kungekuwa na faida kuliko kuiacha nzima. Serikali ya Berlin haitaki. Sawa, hilo ni chaguo lake, lakini basi ilipe gharama za chaguo hilo zinazovuka mpaka.

Nayafuatilia haya kwa sababu ya ramani ya kwetu Afrika Mashariki. Kenya na Uganda zimeunganishwa kwa miongo mingi. Uganda imefika Rwanda. Mtambo wa umeme wa maji wa Rusumo, megawati 80 za Rwanda, Burundi na Tanzania, una laini hadi Nyakanazi, Tanzania. Na laini ya kilovoti 400 kati ya Kenya na Tanzania, Isinya hadi Singida, imekamilika. Nyaya zinaelekea kulizunguka Ziwa Victoria, na pete hiyo ikifungwa, umeme wa Ethiopia uliouzwa Tanzania kupitia Kenya utapita pia Uganda na Rwanda, mtu atake asitake. Nashauri mikataba ya kuuziana umeme inayoandikwa sasa itaje mambo matatu: mita za kila mpaka zisomwe na pande zote, kiwango cha umeme wa kupita kitakachovumiliwa, na nani atalipa kikizidi. Leo umeme huo bado ni kidogo, na hakuna nchi yenye bili ya kuitetea mezani, hivyo kukubaliana ni rahisi.