Programu ya nasaba isiyomjua mama, ya nini?

Chati ya nasaba yetu ilitua kwenye grupu la WhatsApp la ukoo wetu Ijumaa baada ya sala: faili la PDF, rangi za kupendeza, mistari imenyooka. Kijana wetu mmoja aliyeko ughaibuni ameitengeneza kwa mtandao wa kulipia ili isomwe harusini. Pongezi zikamiminika. Mimi nikavuta picha kwa vidole nikimtafuta bibi mzaa mama, na nilipompata nilimkuta chini ya jina la mumewe wa mwisho, kama mtu asiye na baba. Mumewe wa kwanza, aliyemzaa mjomba wetu mkubwa, hayumo. Na mamake bibi, ambaye nusu ya watu wa grupu lile ni vitukuu vyake, amekuwa kisanduku kitupu cha kijivu.

Kijana namshukuru, kwa sababu wengi wetu tulio hapa hapa Lamu hatujafanya hata hilo. Ugomvi wangu ni na programu aliyoitumia, na wepesi wetu wa kuchukua ya kwanza inayotokea kwenye simu bila kuuliza imetungwa kwa ajili ya ukoo wa nani.

Sisi mtu huitwa kwa jina lake, la babake na la babu yake. Ali Mohamed Abdalla akizaa mtoto ataitwa Salim Ali Mohamed, na Salim akipata binti ni Fatma Salim Ali. Programu nyingi za Ulaya na Marekani hukamata neno la mwisho na kulifanya jina la ukoo. Kwa hesabu hiyo Ali ni wa ukoo wa Abdalla, mwanawe ni wa ukoo wa Mohamed, mjukuu wake ni wa ukoo wa Ali, na fahirisi inawatawanya watu wa nyumba moja kama wageni wasiojuana. Nyingine hazingoji uandike: ukiongeza mtoto tu, zinambandika jina la mwisho la babake, nawe usipokuwa makini linabaki hivyo hivyo. Kwa haki yao niseme kwamba watafiti wa nasaba wa huko wana kanuni ya kumwandika mwanamke kwa jina alilozaliwa nalo. Lakini kanuni ni jambo moja, na mtandao unaokuharakisha ujaze visanduku ili ulipie ni jambo jingine.

Na tusiwasingizie Wazungu peke yao. Shajara, yaani nasaba zilizoandikwa tunazozihifadhi makabatini, zinashuka mwanamume kwa mwanamume. Nimeziona zinazopanda hadi Hadhramaut kule Yemen, fulani bin fulani bin fulani, bila mwanamke hata mmoja njiani. Naziheshimu, maana waliozilinda walizilinda kwa taabu. Lakini hazitoshi kuueleza mji huu. Mkomani, mtaa wa kale wa Lamu, nyumba ya mawe alikuwa akijengewa binti anapoolewa, na bwana harusi ndiye anayehamia. Binti naye akizaa binti, ikiongezwa ghorofa juu au ikipitishwa wikio, chumba cha kuunganisha nyumba mbili, juu ya njia, ni kwa ajili ya huyo. Kwa hiyo ukitaka kujua kwa nini nyumba hii inapakana na ile kwa mlango wa ndani, au kwa nini watoto wa mitaa miwili wanaitana ndugu, shajara ya wanaume haitakwambia neno. Uzi wenyewe umepita kwa akina mama. Ukiwafuta, umebaki na orodha ya wanaume waliohamia nyumba zisizo na wenyewe.

Kuna wanawake waliofutwa zaidi ya hao. Utumwa ulikatazwa kisheria kwenye pwani yetu mwaka 1907, si zamani sana. Kuna wazee waliolelewa na watu waliouona. Katika nyumba nyingi, ukipanda vizazi vitatu au vinne, unamkuta suria, mjakazi aliyewekwa na bwana wake. Mtoto aliyemzalia bwana wake alizaliwa huru, akapata nasaba ya babake na fungu lake la mirathi. Mama mwenyewe alibaki na jina moja, tena la kupewa. Hakuna bin wala binti baada yake. Mimi nataka mwanamke huyo aandikwe kwa hilo jina moja, mahali pake, juu ya watoto wake. Programu inayogoma kumhifadhi mpaka umtungie jina la ukoo, au inayomwita “Haijulikani” ilhali jina lake linajulikana, sitaitumia hata nikilipwa. Kuna jamaa wanaosema tusifukue mambo haya. Nawaelewa kwa yule aliye hai ambaye ataona haya, na kwa ajili yake programu iwe na kufuli ya kuficha maelezo. Lakini aliyekufa akiwa na jina moja ana haki ya hilo moja.

Halafu kuna ndugu wa kunyonya. Sisi ni Mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafi: minyonyo mitano kabla ya mtoto kutimiza miaka miwili, na undugu umethibiti, kuoana hakuna. Nani kamnyonyesha nani wanaojua ni bibi zetu tu, na kila anayezikwa anaondoka na daftari lake. Posa huja, mahari yanazungumzwa, kisha mama mmoja anainuka kutoka pembeni ya ukumbi na kusema hawa wawili wamenyonya ziwa moja. Siku atakapokosekana mama wa kuinuka itakuwaje? Huo ni utafiti wa ukoo wenye kazi ya kesho asubuhi, na programu nyingi hazina hata mahali pa kuuandika.

Basi nitasema ninayoipendelea. Ni Gramps, programu huria ya bure iliyoanza mwaka 2001, inayokaa kwenye kompyuta yako na kufanya kazi hata mtandao ukikatika, jambo ambalo ndugu zetu wa Pate na Kizingitini hawahitaji kuelezwa. Kwenye mapendeleo yake kuna mahali pa kuiambia isikisie jina la mtoto. Fanya hivyo kabla ya kuandika mtu yeyote. Jina la pili unaweza kulitambulisha kuwa ni jina la baba, si la ukoo. Mwenye jina moja anakubaliwa. Mwanamke aliyeolewa mara tatu ana ndoa tatu, kila moja na watoto wake. Kuna sehemu ya kumuunganisha mtu na mwingine kwa uhusiano wowote unaoutaja mwenyewe, na hapo ndipo ninapoandika “kanyonya pamoja na”. Tena kuna kufuli: rekodi ukiifunga, unapotoa nakala ya kugawa unaweza kuiacha nje, pamoja na maelezo ya walio hai.

Jingine ni ndoa za binamu. Mtoto wa ami kamuoa mtoto wa ami, na watoto wao nao wakarudi kuoa hapo hapo. Ukoo wa Lamu umesukwa kama mkeka, ukili mmoja unapita chini ya mwingine na kuibuka tena mbali. App nyepesi za kwenye simu hulazimika kumchora babu mmoja mara mbili, na baada ya mwezi unajikuta na babu wawili wenye watoto nusu nusu. Gramps inamweka mtu mmoja mahali pamoja hata akifikiwa kwa njia nne.

Na tarehe. Wazee wetu waliandika uzazi kwenye kurasa tupu za msahafu, kwa wino mweusi na herufi za Kiarabu. Ninao mmoja mbele yangu: jina la mtoto, usiku wa kuamkia siku gani, Mfungo Sita (mwezi wa Maulidi), 1357 kwa hesabu ya hijria, kalenda ya Kiislamu. Karatasi imeliwa na mchwa ukingoni lakini tarakimu zimesalimika. Mfungo Sita wa mwaka huo ni Mei 1938. Ukiandika 1357 kwenye programu isiyojua hijria, mtu huyo aliyefariki 1996 ataonekana kaishi miaka 639, na programu itakupigia kelele kuwa umekosea. Wengi hapo hubadilisha tarehe wakaendelea, na maneno ya babu kwenye msahafu yanapotea. Gramps ina kalenda ya Kiislamu ndani yake: unaandika kama ilivyoandikwa, yenyewe inapanga. Aliyezaliwa “kusi lilipoanza” mwaka usiojulikana naye ana nafasi. Unaweka makadirio, unaandika chini ni nani aliyekwambia.

Ubaya wake ni kwamba sura yake inatisha, imejaa vitufe, na imetengenezwa kwa kompyuta wakati vijana wetu wanaishi kwenye simu. Haya nayakubali shingo upande. Mtu akae siku mbili na kijana anayejua kompyuta, atazoea.

Mitandao ya nasaba nayo ipo. MyHeritage wana uhodari wao kwenye picha. Mwaka 2021 walileta mtambo wa kuzifanya picha za marehemu zipepese macho na kugeuza shingo. Vijana wanaupenda. Mimi sitaki kumwona marehemu akigeuzwa shingo, na sijasahau kwamba mwaka 2018 kampuni hiyo ilitangaza kuvuja kwa anwani za barua pepe za watumiaji zaidi ya milioni 92. FamilySearch ni ya bure, na kazi yao ya kuwarekodi wazee wa Afrika wakisimulia nasaba ni kazi ya maana. Ila ni ya Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, na mti wake ni mmoja wa ulimwengu mzima: marehemu wako ukishamweka, mtu mwingine anaweza kumhariri. Kanisa hilo pia hubatiza marehemu kwa niaba, ingawa linawaagiza waumini wake wapeleke majina ya wazee wao wenyewe tu. Muislamu anayemwandika bibi yake huko alijue hilo kwanza, kisha aamue na watu wa nyumbani.

Jambo la mwisho ni kutoka. Desemba 2015 Ancestry, kampuni kubwa ya nasaba ya Marekani, walitangaza kwamba wataacha kuuza Family Tree Maker, programu ambayo watu walikuwa wameijaza kazi ya miaka mingi. Miezi miwili baadaye kampuni nyingine, Software MacKiev, ikaichukua, na watu wakapumua. Siku nyingine huenda asitokee wa kuichukua. Kwa hiyo kabla hujaandika jina la pili, hakikisha programu inatoa faili la GEDCOM, mpangilio uliobuniwa mwaka 1984 ambao programu karibu zote za nasaba zinausoma. Ila jueni kwamba GEDCOM 5.5.1, inayotumika zaidi hadi leo, inataja kalenda ya Kiyahudi na hata ya mapinduzi ya Ufaransa, na hijria haimo. Kwa hiyo tarehe ya msahafu iandikwe pia kwenye maelezo kwa maneno, na zaidi ya GEDCOM utunze nakala rudufu ya programu yenyewe.

Nakala hizo zisikae kwa mtu mmoja. Yetu ninaiweka Lamu, nyingine Mombasa kwa ami, ya tatu kwa jamaa wa ughaibuni, na kila mwaka Mfungo Sita, watu wakirudi kwa Maulidi, inachapishwa kwenye karatasi na kuwekwa mbele ya mama zetu wakubwa waisahihishe kwa kalamu nyekundu. Wao ndio wenye kujua.