Stima Ndani, Friza Ndani

Kabla hamjaendelea kucheka: sikujificha ndani ya friza. Nilijificha nyuma yake. Huyo aliyewatumia sauti kwenye grupu hata hakuwepo, ametia chumvi mpaka mchuzi haulikiki.

Nyumba mwaijua, ile ya ghorofa hapa Shela, Malindi. Kodi ni moja, maji na stima ndani. Sasa mtu akikwambia stima ndani, na joto la kaskazi ndilo hili, wewe ungefanyaje? Mimi nilinunua friza ya mtumba. Nikawa nagandisha barafu za ukwaju kwenye vikombe (tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku 2017, mambo ni vikombe), shilingi kumi kumi, watoto wa madrasa wanazimaliza kabla ya magharibi. Maji ya mwenye nyumba, stima ya mwenye nyumba, changu ukwaju na sukari. Mliosomea uchumi, nitajieni biashara ingine kama hiyo.

Mita ni moja ya nyumba nzima, ya tokeni. Bibi mwenye nyumba macho hayamsaidii, kwa hivyo zile namba 20 nani humsomea abonyeze? Mimi.

"Tokeni zilizokuwa zikinivusha nusu mwezi sasa hazifiki Ijumaa, mjukuu wangu."

"Pengine kuna mtu amejiungia waya, bibi."

Nilisema hivyo. Kwa mdomo huu huu.

Bibi akaita fundi. Alasiri, wapangaji wote wamejaa ngazini, na aliyeshika tochi? Yuleyule. Fundi akatufundisha: mita ina kataa kekundu. Stima ikiliwa sana kanapepesa mbio, ikiliwa kidogo kanapepesa kivivu. Basi atazima swichi nyumba moja moja, kisha aziwashe, mpaka mlaji ajulikane.

Akazima ya chini. Kataa: pe-pe-pe-pe. "Si hapa." Akazima ya mwalimu. Pe-pe-pe-pe. Mwalimu akashusha pumzi kama aliyepita mtihani. Mkono wa fundi ukasogea kwenye swichi yangu na tochi ikaanza kucheza yenyewe.

"Kaka, shika sawa basi."

Tak.

Pe...

Tukangoja. Wallahi nilikuwa nakaombea kale kataa kapepese.

...pe.

"Nani akaa hapa?"

Watu wote wakageukia tochi, na tochi ninayo mimi. Nikasema ni pasi, napiga pasi sana. Nimevaa kikoi kilichojikunja na fulana yenye tundu begani. Mwalimu akaitazama ile fulana, akanitazama mimi, akainamisha uso. Hapo ndipo sauti ndogo ikatoka chini ya ngazi:

"Ami, nipe ya ukwaju. Ile ya jana haikuganda vizuri."

Kijukuu cha bibi. Cha damu. Na sarafu ya kumi mkononi.

Nikasema nimeacha jiko linawaka, nikapanda mbio. Jiko gani, siwezi kuwaambia. Nikasikia wanapanda nyuma yangu, ndipo habari za nyuma ya friza zikaanza. Na friza yenyewe yanifika kiunoni, kwa hivyo niliinama, na sehemu niliyoshindwa kuificha ndiyo iliyoelekea mlangoni. Kimya. Kisha bibi, kwa upole kabisa:

"Mjukuu wangu, toka huko, utapigwa na stima yangu."

Mengine hayana maana. Nimefungiwa mita yangu ndogo, fundi nimemlipa mimi, na friza imeshuka kwa bibi kufidia deni. Sasa barafu zauzwa mlangoni kwake, ameongeza za embe, na bei imekuwa 15. Nikimwomba moja ya mkopo, aniambia kodi yangu haina barafu ndani.